Pesa Isitangulie Sikio

Mwanangu, sisi wa zamani hatukutapeliwa magitaa kwa sababu moja tu: hatukuwa na hela ya kununua gitaa. Ala zilikuwa mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa chini ya Umoja wa Vijana wa TANU. Mpiga solo akikosana na uongozi aliondoka na nguo zake. Gitaa lilibaki likimngoja mwingine. Leo binti anayepiga kinanda kwaya ya Mbagala anaweza kuwa na Yamaha yake mwenyewe uvunguni mwa kitanda, na siku akihama kwaya anahama nayo. Uhuru huo wazee wako hatukuuonja. Ndiyo maana inaniuma kuona unaporwa na mtu mwenye simu na picha sita.

Kazi yangu siku hizi ni ufundi. Vinanda vilivyokufa vinaletwa hapa barazani, na vingi vimenunuliwa mtandaoni juzijuzi tu. Mwenyewe anafika amekunja uso, ananiambia, "Mzee, muuzaji kasema ni fyuzi tu." Mimi humuuliza: fyuzi ni hela ya chapati mbili, sasa kama ni fyuzi tu, kwa nini hakuiweka akauza kwa bei ya kitu kizima? Huwa hapati jibu. Na huyo ana nafuu, maana amepata kitu cha kubeba. Wapo waliolipa wakabaki na meseji.

Nitakwambia mengi hapa, lakini yote yanatoka kwenye jambo moja. Ala hununuliwa kwa sikio na vidole. Pesa isitoke mfukoni kabla sikio lako, au la mtu unayemwamini, halijaisikia ala ikilia.

Kwanza mjue anayekuuzia. Tapeli hodari haweki bei ya kuchekesha. Kinanda ambacho Kariakoo kingeuzwa milioni moja na nusu, hatakiuza laki mbili. Atasema laki tisa. Anashusha kiasi cha wewe kujiona mjanja. Unaharakisha kulipa kabla hajagundua kuwa ameuza rahisi, na hapo ndipo umenaswa, kwa sababu unaamini mjinga katika biashara hii ni yeye. Kisha anakupa hadithi ya kuihalalisha bei. Anahama nchi wiki ijayo. Au mumewe alikuwa mpigaji, amefariki, na yeye mjane hajui thamani ya hiki kitu. Hadithi ya mjane naichukia kuliko zote, maana inakufanya uone haya kuuliza maswali.

Ukikawia, anakuletea mshindani. "Kuna kaka wa Dodoma anataka kutuma hela saa hii, nimemzuia kwa ajili yako. Nitumie hata elfu hamsini nikuwekee." Kijana husema moyoni, elfu hamsini si hela ya kuniua. Ni kweli, haikuui. Lakini ile elfu hamsini kazi yake ni kukuingiza mlangoni. Ukishaituma, inakuja ya usafiri, halafu ya kufungashia, halafu simu ya mtu anayejiita wakala kusema mzigo umezuiwa njiani na unahitaji kugombolewa. Kila hela inayofuata unaituma ili kuiokoa ile ya kwanza. Nimeona mtu akilipa hivyo mpaka akapita bei ya kinanda kipya dukani, na kinanda chenyewe hakikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo advansi usitoe. Muuzaji wa kweli akimpata mwenye hela taslimu mbele yake atauza, na wewe utatafuta kingine; vinanda haviishi duniani. Maneno ya "wahi wahi" yasikutoe jasho.

Ukifika mahali pa kulipa kwa simu, tumia macho. Unapoingiza namba, simu inakuonyesha jina la mwenye namba kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Muuzaji amejitambulisha kwa jina moja, kwenye simu linatokea jingine kabisa, naye anasema ni la shemeji yake au la wakala wa jirani. Hapo weka simu mfukoni. Usijidanganye kwamba laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole kwa hiyo mwizi atapatikana tu. Wapo watu ambao laini zimesajiliwa kwa vitambulisho vyao bila wao kujua, ndiyo maana tuna *106# ya kukagua namba zilizo chini ya kitambulisho chako cha NIDA. Piga leo ujikague na wewe. Taifa zima tumeshacheka meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini anayekuuzia gitaa kwa picha anatumia ujanja ule ule, tofauti ni kwamba huyu amejifunza majina ya ala.

Picha ni rahisi kuiba. Picha sita za gitaa kwenye zulia jekundu huenda zimetoka kwenye tangazo la mtu wa Manila. Ziingize kwenye utafutaji wa picha wa Google uone kama zimewahi kutokea kwingine. Hata zisipotokea, usiridhike. Mwambie aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya ala, apige video bila kukata, ageuze ala upande wa nyuma mpaka namba ya kiwandani isomeke. Mwenye ala mkononi hufanya hivyo kwa dakika tatu. Asiye nayo atakasirika, atakwambia humwamini. Mjibu kwa heshima kwamba ni kweli, humjui.

Sasa tuingie kwenye vinanda, maana huko ndiko ninakoona machozi mengi. Video ya muuzaji mara nyingi inaonyesha taa zikiwaka na wimbo mtamu ukilia. Huo wimbo ni demo. Umo ndani ya mashine, na hulia vizuri hata kwenye kinanda ambacho nusu ya vibonye vyake vimekufa. Wewe omba kitu kisicho na utamu wowote: abonyeze vibonye vyote 61, kimoja kimoja, kuanzia besi hadi juu, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu, bila mdundo. Kibonye kisicholia utakisikia. Kinacholia kwa kishindo hata kikiguswa polepole nacho utakisikia. Chini yake kuna raba zenye kugusisha umeme, na zimechoka. Raba hurekebishika, usikimbie kwa ajili yake peke yake, lakini punguza bei. Kisha apandishe na kushusha sauti kwa kitufe chake usikilize kama inakwaruza. Achomeke hedifoni. Azime, awashe tena, kwa sababu kuna vinanda vinavyowaka mara moja vikishapoa na kugoma vikipata joto.

Uliza pia kinakula umeme gani. Vinanda vya mtumba kutoka Japani vingi ni vya volti 100, vya Marekani 120. Sisi Tanzania tuna 230, Kenya 240. Kile kikubwa chenye waya unaoingia moja kwa moja kwenye mwili wake, ukikichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, utasikia mlio mmoja tu na harufu. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka chochote. Na adapta iwe yake. Yamaha nyingi ndogo hutumia volti 12. Casio nyingi za zamani hutumia volti 9, na ncha zake zimepangwa kinyume na za Yamaha. Winga wa mtaani atakuuzia adapta yoyote inayoingia kwenye tundu. Kuingia inaingia, kisha inaua. Hapo kosa la muuzaji na kosa la adapta vinachanganyika, na humpati wa kumdai.

Gitaa lina mitego yake. La mbao tupu, tazama nyuma ya daraja linaloshika nyuzi: ubao ukiwa umevimba kama tumbo la mtu aliyeshiba, au daraja limeanza kubanduka, ujue limekaa ndani ya gari juani au nyuzi zimevutwa kupita kiasi, na gundi imelegea. Funga jicho moja utazame shingo kutoka kichwani kuelekea mwilini uone kama imepinda. Piga kila freti ya kila uzi. Noti ya freti ya 12 inatakiwa iwe ile ile ya uzi mtupu, oktava moja juu. Isipokubaliana nayo, nyimbo za juu zitakutia aibu mbele za watu. Mambo haya kwenye video hayaonekani sawasawa, ndiyo maana nang'ang'ania mkono ufike.

Kwenye gitaa la umeme ndiko kuna majina ya uongo. Gibson Les Paul ilianza kuuzwa mwaka 1952, na Les Paul Standard mpya huko Marekani leo inauzwa zaidi ya dola 2,000. Anayekuletea moja kwa laki nne ana maelezo ya kutoa. Tazama kichwani, kile kifuniko kidogo chenye umbo la kengele: Gibson halisi hukifunga kwa skrubu mbili, za kuiga nyingi zina tatu. Geuza usome namba iliyogongwa kwenye mti. Gibson nyingi za Marekani za kati ya 1977 na 2005 zina tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano ni za mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka huo. Namba ikianza na 82369, gitaa liligongwa siku ya 236 ya mwaka 1989. Ukikuta tarakimu hizo tatu zinasoma 412, muulize muuzaji ni mwaka gani uliokuwa na siku 412. Walakini namba ikiwa sahihi usishangilie, kwa sababu waigaji hunakili namba za kweli. Namba mbaya inahukumu. Namba nzuri haisafishi. Na kama gitaa linalia vizuri, shingo imenyooka, na anauza kwa bei ya gitaa la kawaida, mimi sitakuzuia kulinunua hata kama jina la kichwani ni la uongo. Ninachokataza ni kulipa bei ya jina.

Wapiga fidla wa taarabu nao nisiwasahau. Kila baada ya muda mtu anakuja mbio na fidla ya babu ambayo ndani yake ina karatasi iliyoandikwa Antonius Stradivarius. Antonio Stradivari wa Cremona alifariki mwaka 1737, na fidla zake zinajulikana moja moja. Viwanda vya Ujerumani na Ufaransa vilibandika karatasi zenye jina lake kwenye fidla nyingi mno za bei nafuu, wakati ule bila nia ya kumdanganya mtu. Ilikuwa kuonyesha umbo limefuata la nani. Kisha sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ikataka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, ndipo karatasi nyingine zikaongezwa maneno "Made in Germany" chini ya Kilatini cha Stradivari. Muuzaji akikutajia mamilioni, mwombe akupigie picha karatasi yote, mpaka mstari wa chini.

Udi ndio mgumu kuununua kwa picha. Kuna unaotengenezwa kwa watalii, umepambwa kwa vipande vyeupe kila mahali, ukiushika nyuzi ziko juu ya shingo kiasi kwamba kidole kinauma kabla ya wimbo kwisha. Wa kupigwa na wa kutundikwa ukutani kwenye picha hufanana.

Na klarineti, ee mwanangu, hiyo inanichekesha na kunisikitisha. Klarineti za kitaalamu huchongwa kwa mpingo, na mpingo huo unatoka hapa kwetu na Msumbiji. Mti unaondoka kusini mwa Tanzania gogo, unarudi ala ya mtumba, halafu kijana wa Lindi anauziwa ya plastiki akiambiwa ni mpingo. Omba picha ya ndani, kwa mwanga mkali: mti una mistari yake, plastiki iko laini sawasawa kote. Kama ni mti kweli, kagua ufa kwa urefu kwenye kipande cha juu, mahali pumzi yenye unyevu inapopita kwanza. Ya plastiki si dhambi, wanafunzi wengi wameanzia hapo na haipasuki kirahisi. Ilipiwe bei yake tu.

Utaniambia, mzee, mimi niko Mtwara na kinanda kiko Mwanza, sikio langu litafikaje? Hilo ndilo swali la maana, na jibu lake ni watu. Nchi hii haina mji usio na kwaya, na kila kwaya ina mpiga kinanda. Uliza katika kanisa lako nani anamjua nani Mwanza. Kuna wenye ngoma za harusi, kuna mafundi wa spika, kuna vikundi vya taarabu. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu 2002, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa. Walimu na wanafunzi wa huko wanazijua ala. Mpate mmoja, mtumie nauli na hela ya soda, aende akishike kinanda, akupigie simu akibonyeza vibonye na wewe ukisikiliza. Akiridhika, amlipe muuzaji palepale na kukisindikiza hadi stendi. Hiyo elfu thelathini ya kumtuma mtu ni hela bora kuliko zote utakazotumia katika manunuzi hayo, na vijana wengi ndiyo wanayoionea uchungu.

Muuzaji akikataa kuonwa, akidai ana shughuli lakini mzigo ataupakia kwenye basi, hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Atakutumia picha ya risiti ya basi. Risiti huandikwa na yeyote mwenye kalamu. Itafute mwenyewe namba ya ofisi ya basi, usitumie aliyokupa yeye, uulize kama mzigo upo. Hata ukiwepo, boksi lenye uzito wa kinanda linaweza kuwa na matofali.

Mkionana ana kwa ana, chagua mahali penye watu na umeme: dukani, ofisi ya serikali ya mtaa, uwani mwa kanisa au nje ya msikiti mchana. Usiende peke yako na hela jioni kwenye mtaa usioujua. Mabinti, hili ni lenu zaidi.

Kisha andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yenye majina yenu, namba za vitambulisho, aina ya ala na namba yake ya kiwandani, bei, tarehe, sahihi, na shahidi wa serikali ya mtaa. Vinanda vya makanisa huibwa. Ukikutwa nacho huna karatasi, polisi hawatakuuliza kuhusu sauti yako nzuri. Kupokea mali ya wizi ni kosa, na kinanda kitarudi kwa wenyewe bila wewe kurudishiwa senti. Muuzaji anayekataa kuandika jina lake, usibishane naye. Ondoka.

Wenye ndugu Muscat, London au Toronto wanaagiza kupitia eBay na kwingineko. Huko kuna ulinzi wa mnunuzi, lakini unalinda malipo yaliyopita mle mle tu. Muuzaji akisema mtoke pembeni mmalizane kwa WhatsApp apunguze bei, anakutoa kwenye ulinzi. Vilevile PayPal ina njia ya kumtumia hela ndugu au rafiki, na njia hiyo haimlindi mnunuzi. Mwambie mjomba alipe kwa njia ya bidhaa, makato yake ni madogo kuliko majuto.

Na ikiwa hela imeshatoka, usijifungie chumbani. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyo hiyo. Kwa Kenya, meseji ya muamala hutumwa 456 kuomba urejeshwe. Njia hizo zimewekwa zaidi kwa aliyekosea namba, na mwizi hutoa hela haraka, kwa hiyo kila dakika ina thamani. Kwa Tanzania, namba ya tapeli iripoti 15040. Hifadhi meseji zote, picha na jina lililotokea kwenye muamala, uende nazo polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na polisi hawawezi kuanza na maneno matupu. Halafu waambie wenzako kwenye kundi la wapigaji, taja namba yake na picha alizotumia. Najua aibu inavyobana mtu aliyeibiwa, lakini tapeli wa ala anaishi kwa ukimya wa watu kama wewe: namba ile ile iliyokuibia Jumatatu itamwibia mpiga besi wa kwaya ya jirani Alhamisi. Msemee.